Kitofali Chekundu Nyuma ya Tairi

Plastiki ya zamani ikipigwa na jua ina harufu yake. Si ile ya kuungua. Ni ile ya kabla ya kuungua, tamu kidogo, kama kipande cha sabuni kilichosahaulika juu ya bati. Juzi mwanangu Ethan alimwaga vitofali vyake karibu na dirisha, jua la Nakuru likavipika asubuhi nzima, na mimi nilipoingia kutoka kuanika nguo nikasimama mlangoni na beseni mkononi.

"Mami, ni nini?" akaniuliza.

"Hakuna kitu," nikamwambia.

Kuna kitu. Nimekinyamazia tangu nikiwa na umri kama wake, na nimechoka.

Nyinyi mliokulia huku kwetu juu kwenye baridi mnajua tulichezea nini. Magari ya waya, tairi za baiskeli na fimbo, wanasesere wa gunzi la mahindi. Mimi nilikuwa na vitofali vya plastiki, na mpaka leo sijakutana na mtu wa Elburgon wa rika langu aliyekuwa navyo. Vilikuja kwa makosa. Mama alikuwa akiuza nguo za mitumba za watoto, leo Elburgon, kesho Molo, siku nyingine Olenguruone, na kuna siku alikata kamba za belo akakuta katikati ya masweta kuna mfuko umefungwa fundo. Ndani, vitofali. Vyekundu na vya manjano tele, vyeupe vichache, na cha kahawia kimoja tu. Wanawake wenzake wa sokoni walivigeuzageuza. Mmoja akasema ni vya kusimamishia mishumaa. Mwingine akasema hapana, hayo ni meno ya mashine fulani ya wazungu. Hakuna aliyenunua, ndiyo maana vikafika nyumbani.

Baba ndiye aliyegundua kwamba vinashikana. Alikuwa amekaa kwa kigoda karibu na jiko, buti zimejaa matope, akachukua viwili akavigandamiza. Vikalia, tak. Akavitenganisha, akavirudisha. Tak. Akacheka kama mtoto.

"Wewe, Injinia," akaniita. "Kuja uone hii kitu."

Tangu siku hiyo hakuniita jina lingine.

Baba alikuwa dereva wa lori ya magogo. Alitoa miti msituni Mau akaileta kwa kiwanda cha mbao, na nyumba yetu ilikuwa ya kiwanda hicho hicho, ya mabanzi yaliyotoka humo, kwa hivyo kila kitu chetu kilinukia unga wa mbao. Blanketi, uji, nywele za mama. Mvua ikinyesha, kuta zilivimba na mlango ukakataa kufunga. Mimi nilidhani kila mtu duniani huishi ndani ya mti.

Nilianza na nyumba, nikachoka nazo upesi. Nikaingia kwa magari. Baba hakunifundisha kama mwalimu. Alichukua nilichotengeneza akakigeuza juu chini, kama anavyofanya makanika, akaangalia tumbo lake. "Hapa umeunganisha mahali pamoja, itavunjika katikati. Pishanisha, kama ukuta." Ama aliulizia tu ile gia ya tairi za nyuma, "Difu iko wapi?" nami nikarudi kubomoa. Nilijifunza kuanza na chesi, ule uti wa mgongo wa lori, ndefu, iliyopishanishwa vizuri, halafu kichwa, halafu sehemu ya mzigo. Tairi zilikuwa vifuniko vya soda, nyuma mbili mbili kama za kweli. Magogo yalikuwa vijiti kutoka ua wetu, nimevimenya kwa wembe vikawa vyeupe. Minyororo ilikuwa uzi niliofumua kwa gunia.

Lakini lori moja ndiyo niliyoitengeneza kweli kweli, ile ya baba. Niliibomoa na kuianza upya mpaka vidole vikaota sugu. Kichwa cha kweli kilikuwa cha buluu na sikuwa na buluu, nikaweka cha manjano. Hilo lilinisumbua sana. Mlango wa dereva ulikuwa umebonyea mahali ng'ombe wa mtu aliugonga, kwa hivyo pale niliacha kitofali kimoja kiingie ndani. Taa moja ya nyuma haikuwepo, nami sikuiweka. Nilitaka mtu akiiona aseme, hii ni ile.

Sasa sikilizeni hii, kwa sababu ndiyo yote.

Baba alikuwa na tanboi wake, Sigei, kijana mrefu wa kupanda juu ya mzigo, kufunga minyororo na kushuka kila mahali lori inaposimama. Nilipanda nao siku za likizo. Upande wa lori, karibu na tairi za nyuma, kulikuwa na kigogo kimechongwa kama kipande cha keki, kimening'inizwa kwa kamba. Tukikaribia mahali pa kusimama, baba alipunguza mwendo kwa gia, injini ikilia kama imefinywa, halafu akatoa kichwa dirishani akapaza sauti: "Breki!" Sigei akaruka chini, akachomoa kigogo, akakimbia na lori, akakitupa chini ya tairi. Lori ikakipanda kidogo, ikatetemeka, ikakaa.

Hiyo ndiyo breki niliyoijua. Niliamini kila gari duniani lina Sigei wake. Nikiona basi linapita barabarani bila mtu wa kuruka, nilifikiri amejificha ndani.

Kwa hivyo kwenye lori yangu nilichukua kitofali kimoja chekundu, nikakifunga kwa uzi pale upande wa nyuma. Baba alipoiona, alishika uzi ule kwa vidole viwili.

"Hii umeweka pia?"

"Si ndiyo breki?"

"Eeh," akasema. "Wewe huachi kitu." Akairudisha mezani polepole sana, na mama, aliyekuwa anachambua mboga, akasema bila kuinua macho, "Mwambie Tajiri tena." Baba akajibu, "Nimemwambia. Anasema ataitengeneza akishamaliza oda ya hii mbao." Tajiri ndivyo madereva walivyomwita mwenye lori, ambaye ndiye pia mwenye kiwanda. Nilisikia maneno hayo yote wazi kabisa na sikuona uhusiano wowote kati yake na kitofali changu.

Kisha kulikuwa na meli. Hakuna mtu wa kwetu aliyekuwa ameona meli. Nilikuwa nimeiona kwa kalenda kule shuleni, nikaja nikamwambia baba tuijenge. Tuliijenga pamoja siku ya Jumapili mvua ilipotufungia ndani, yeye akiwa na malaria kidogo na blanketi mabegani. Ilikuwa ndefu, nyekundu, na makontena ya manjano juu. Kile kitofali kimoja cha kahawia tukakiweka juu kabisa, mahali baba alisema kapteni hukaa. Nilipomaliza nikaifungia kitofali kwa uzi upande wa nyuma.

"Na hii?"

"Breki."

"Injinia, meli haina tairi. Hiyo kigogo Sigei ataiweka chini ya nini?"

Nikafikiri. "Ataiweka mbele ya maji."

Baba alicheka mpaka akakohoa, mpaka mama akaja kumpiga mgongo. Hicho ndicho kicheko cha mwisho cha baba ninachokumbuka. Huenda alicheka tena baadaye. Mimi sina kingine.

Sitawasimulia mteremko ule. Sikuwepo. Najua mvua ilikuwa imenyesha, najua alipaza sauti, najua Sigei aliruka na kigogo akakiweka mahali pake, na tairi ikakipasua kama ganda la yai ikaendelea. Sigei alivunjika mguu. Lori iliingia korongoni na magogo yakaja mbele. Hayo nilikusanya kidogo kidogo, miaka na miaka, kwa watu waliofikiri nimelala au sielewi. Siku yenyewe nilichoona ni pikapu ya Tajiri imesimama langoni petu mchana, na wanaume wanavua kofia kabla hawajafika mlangoni. Mama alikuwa ameshika mwiko. Aliushika vivyo hivyo mpaka jioni.

Wakati wa matanga waliweka turubai uani, wakapanga benchi za kanisa. Tajiri alikuja kila alasiri. Mtu mnene, mpole, wa sauti ya chini, anayeshika mkono wa kila mtu kwa mikono miwili. Ni yeye aliyeleta mbao za jeneza, saipresi safi isiyo na jicho la tawi hata moja. Ni yeye aliyeahidi lori ya kubeba watu mazishini. Na mdogo wake baba, Ankol Maina, alikuwa anamfuata nyuma na kikombe cha chai kama aliyeajiriwa kumwagilia mtu.

Siku moja wakati wa chai shangazi mmoja alitaka kunichangamsha. "Lete ile lori yako uonyeshe Tajiri. Huyu mtoto ana mikono, wacha tu."

Nikaileta. Tajiri akaiweka juu ya goti, akaizungusha. Uso wake ulifunguka kweli, sidanganyi.

"Haki ya Mungu. Hata mlango umebonyea! Hata ile taa! Maina, umeona hii?"

"Nimeona, boss. Mtoto mkali sana."

"Na hii nyekundu, imening'inia hapa, ni nini?"

"Hiyo ni breki," nikasema.

"Breki?"

"Eeh. Baba akiita Breki! Sigei anaruka anaiweka chini ya tairi. Ndio lori isimame."

Nilisema kwa sauti, kwa fahari, kama mtu anayekariri aya ya Jumapili. Na uwanja wote ukanyamaza. Nilisikia matone kwenye turubai. Mtu fulani akaweka kikombe chini na kikombe kikalia kwenye benchi. Sigei alikuwa kwenye benchi ya nyuma, plasta mpaka pajani na gongo kando, anaangalia matope kati ya miguu yake.

Ankol akacheka, cheko la mbuzi. "Watoto na hadithi!"

"Ni mwerevu," Tajiri akasema. Alinirudishia lori bila kuniangalia. Halafu akamwuliza mama, polepole, "Nani amemfundisha hayo maneno?"

Mama aliniinua kwa mkono mmoja, akaniingiza ndani, akanizaba kofi. Moja. Hakuwa amewahi kunipiga usoni.

Nilikaa kitandani nikiwa na lori mapajani nikaikagua, juu na chini, kama baba. Nilikuwa nimekosea wapi? Walifurahia mlango. Walifurahia taa. Wote walinyamaza tulipofika kwenye kile kitofali. Basi kosa liko hapo. Nikakiangalia, nikaliona mara moja. Kilikuwa chekundu. Kigogo cha baba kilikuwa cha mti, cha kahawia. Nilikuwa nimeleta mbele ya watu wazima kitu cha rangi isiyo yake, na mtu amekufa, na wamekasirika.

Cha kahawia kilikuwa kimoja. Kilikuwa juu ya meli.

Kilikuwa kimekaza, na nilipokivuta meli ikaachana katikati, pale pale ambapo baba alikuwa amesema tuongeze kingine cha kupishanisha nami nikasema inatosha. Sikulia. Nilikuwa na kazi. Nikakifunga cha kahawia kwa uzi, nikasubiri.

Siku ya mazishi Tajiri alipewa nafasi ya kusema baada ya mchungaji. Alisema baba alikuwa kama ndugu yake. Alisema jeneza lile alichagua mbao yeye mwenyewe. Kisha akashusha sauti zaidi, na akasema kwa masikitiko makubwa kwamba vijana wetu madereva wapunguze mwendo, na ile chupa waiache, kwa sababu chupa ndiyo imetuleta hapa leo. Watu wakaitikia, "Mmm." Baba alikuwa na vidonda vya tumbo. Baba alikunywa maziwa. Kila mtu pale alijua baba anakunywa maziwa, walikuwa wakimtania nayo, na wakasema "Mmm."

Mimi nilikuwa nimefika mbele, nimepenya kati ya sketi za watu. Nikamvuta koti.

"Nimebadilisha," nikasema, nikainua lori juu ili aione. "Sasa ni ya kahawia. Kama ile yenyewe."

Hakuishika. Mkono wake ulitoka nusu, ukarudi mfukoni. Mchungaji akaanza kufungua Biblia aliyokwisha kuifunga. Nikageuka nikamtafuta Sigei, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akikishika kila siku, yeye angewaambia kwamba sasa iko sawa. Tulitazamana. Aligeuza gongo lake, akaondoka, akichechemea katikati ya makaburi ya watu.

Mama ndiye aliyekuja. Aliichukua lori mkononi mwangu, akatembea nayo mpaka kando ya makaburi, mahali wanawake walikuwa wanapikia waombolezaji, akaitupa motoni chini ya sufuria ya mchele. Nilimfuata mbio nikaona kichwa cha manjano kinainama, kinakuwa laini, kinalala juu ya magogo yake kama mtu aliyechoka. Kabla moshi mweusi haujaanza ilitoka ile harufu tamu. Wanawake walifunika pua kwa leso.

Kabla udongo haujakaa, Ankol Maina alikuwa ameshika usukani wa lori nyingine ya Tajiri. Nilienda kuiangalia ilipopita kwetu. Ilikuwa na kigogo, kimening'inizwa upande ule ule.

Nilimwuliza mama nikiwa kidato cha tatu, kwa hasira ya kidato cha tatu. Alikuwa anakunja nguo za belo. Akasema, "Ungetaka nimzike baba yako na nini? Na tulale wapi kesho yake, kwa nyumba ya nani?" Akaendelea kukunja. Nilimchukia kwa jibu hilo muda mrefu, kisha nikazaa, nikamwelewa, na kumwelewa hakujanipunguzia hasira hata chembe. Kumeiongeza. Kwa sababu sasa najua wote walielewa. Uwanja mzima wa watu wazima, wenye akili, wenye kusali, walikuwa wanajua breki ya ile lori ni kipande cha mti, na wa pekee aliyesema alikuwa hajui anasema nini.

Ethan vitofali vyake nilimnunulia mimi, kwa rundo, pale wanapouza mitumba. Nilikuwa nimeapa sitanunua. Mkono ukanunua. Jumapili alimaliza kutengeneza vani ya shule yao, ile inayowachukua hapa kwetu upande wa Menengai. Nyeupe, madirisha yote, mpaka kioo cha pembeni kilichofungwa kwa selotepu. Nilikuwa nampongeza. Kisha nikaona nyuma ya tairi kuna kitofali kidogo cha waridi, kimewekwa peke yake, hakijaunganishwa na kitu.

"Na hiki kimeanguka?"

"Hapana. Hiyo ni breki."

Nikakaa chini. "Nani amekwambia?"

"Naona tu. Tukifika pale kwa mlima kondaa anaruka na jiwe. Mami, si gari zote?"

Jumatatu asubuhi nilisimama stejini na wazazi wengine, vani ya plastiki mkononi. Vani ikaja. Nikafungua mlango kabla kondaa hajafungua, nikainama. Jiwe lilikuwa chini ya kiti cha mbele, jeusi, kubwa kama kichwa, na mtoto wa nasari ameweka miguu yake juu yake kwa sababu haifiki chini.

"Mathe, unatafuta nini?" kondaa akauliza.

"Hili jiwe ni la nini?"

"Ah, hiyo ni ya kujisaidia tu kwa mlima. Ni kawaida."

"Kawaida ya nani?"

Dereva akapiga honi. "Mathe, tunachelewa. Unapandisha mtoto ama hupandishi?"

"Kwanza niambie hii gari ina breki."

"Iko na breki, bana! Ziko ndani, utazionaje?"

Nikapiga kelele. Sitasema nilitukana nini. Watoto walisikia na inatosha. Nikawageukia wazazi wenzangu. Mama Tasha, jirani yangu, mtu ninayeazimana naye chumvi, alikuwa anaangalia viatu vyake. "Mama Ethan," akasema, "ongea nao polepole. Shule yenyewe ni wametuvumilia na karo." Akampandisha Tasha. Wengine wakapandisha watoto wao. Kondaa akafunga mlango na vani ikaondoka na jiwe lake na ile miguu midogo.

Tukaenda kwa miguu, mimi na Ethan, tukiukata ule mlima. Nilikuwa natembea haraka mno, anakimbia kando yangu. Tukafika katikati. Kisha akanivuta sketi.

"Mami. Ni juu ya rangi, ama? Nilitaka kuweka nyeusi kama jiwe. Sikuwa na nyeusi."

Nikasimama. Nikachuchumaa pale pale kwenye vumbi, bodaboda zikitupita, nikamshika uso.

"Rangi iko sawa," nikamwambia. "Uliona vizuri na ukatengeneza vizuri. Hakuna mahali umekosea. Umesikia? Hakuna mahali."

"Sasa mbona umekasirika?"

"Si na wewe."

Akaniangalia kuona kama nasema kweli. Kisha akanikabidhi kile kitofali cha waridi, kwa uangalifu, alikuwa amekishika kwenye ngumi njia nzima.

"Basi shika hii pia. Wakiuliza, uwaonyeshe inakaa wapi."

Nikakishika. Nikafika nacho mpaka ofisini kwa mwalimu mkuu, nikaweka vani juu ya meza yake, juu ya karatasi zake, nikaweka kile kitofali nyuma ya tairi, nikavuta kiti.